Ea klina tatu na kisoma kodi kimoja kwenye Probox yangu

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa. Kama una Toyota ndogo ya petroli na kazi yako inakupitisha kwenye vumbi, nunua ea klina (kichujio cha hewa inayoingia kwenye injini) ya karatasi yenye mpira laini pembeni: ya Toyota yenyewe ukiipata, Sakura ukiikosa. Ile ya bei ya chini kabisa iache dukani, hata muuzaji akikubembeleza vipi. Halafu tafuta kile kidude cha kusomea kwa simu kodi za injini, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inaziandika. Vyote viwili kwa pamoja vilinigharimu chini ya nusu ya bei niliyotajiwa kwa sensa moja ya hewa (kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini) ambayo gari langu halikuihitaji.

Mimi nauza dawa za mifugo. Makao yangu Dodoma mjini, wateja wako Kongwa, Mpwapwa, Chamwino na Bahi, na wengi wao hawakai kando ya lami. Gari ni Probox ya 2010, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, ile ile iliyomo kwenye IST na Vitz nyingi zinazozunguka mjini, kwa hiyo nitakayosema yanawahusu wengi. Kiangazi chetu ni kirefu. Mvua zikishakatika, barabara za vijijini zinasagika mpaka udongo unakuwa kama unga wa sembe, na ukijikuta nyuma ya Fuso lililobeba mbuzi wa mnadani huoni hata namba zake za usajili. Hewa hiyo hiyo ndiyo injini inayoivuta.

Na inavuta nyingi mno. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inakwenda na lita 9,000 hivi za hewa. Weka lita 30, zungukia vijiji vya Mpwapwa urudi nyumbani, hapo zimepita zaidi ya lita laki mbili na nusu za hewa kwenye kipande cha karatasi ambacho ukikilaza kinafunikwa na viganja viwili au vitatu. Ndiyo sababu nakasirika nikisikia fundi anasema, "Hiyo weka yoyote tu, zote zinafanana."

Hazifanani. Ea klina ya kwanza, ya bei ya chini, niliikuta ndani ya gari baada ya sevisi kwenye gereji moja ya hapa mjini. Kwenye risiti iliandikwa shilingi 12,000. Kwa macho ni nzuri: nyeupe, mikunjo imenyooka, inapendeza. Ukiitoa na kuishika ndipo unaijua. Mpira wa pembeni ni mgumu, ukiubonyeza kwa kucha haurudi. Mikunjo ni michache, kati ya mkunjo na mkunjo ncha ya kidole inaingia. Ukiipinda kidogo kwa mikono miwili, fremu inalia. Baadaye nilipopata ya Toyota nilizilaza mezani pamoja, na hata mtoto wangu wa darasa la nne aliona ipi ni ipi bila kuambiwa: moja mikunjo imebanana na mpira unabonyea na kurudi, nyingine imekakamaa.

Kipimo ninachokiamini ni kitambaa cheupe. Achia klipu za boksi la ea klina, inua mfuniko, toa ea klina, kisha pitisha kitambaa kwenye upande wa juu, ule unaoelekea injini. Upande huo hewa inafika ikiwa imeshachujwa, kwa hiyo kitambaa kinatakiwa kitoke karibu kama kilivyoingia. Changu kilitoka na mstari mwekundu wa udongo. Mstari huo ulifuata pembe moja tu ya boksi, pale ambapo ule mpira mgumu haukukaa. Vumbi halikuwa limepenya kwenye karatasi, lilikuwa linapita pembeni. Hata karatasi ingekuwa bora namna gani, isingesaidia kitu. Tangu siku hiyo nikishika ea klina dukani naanza na mpira, karatasi baadaye.

Taa ya injini iliwaka majuma hayo hayo, na gari likaanza kukosa nguvu mlimani. Ukikanyaga mafuta linasita kwanza, ndipo linaondoka.

Hapa kuna jambo linalochanganywa sana na wauzaji, hata na baadhi ya mafundi. Taa ya injini haikuambii kwamba ea klina imechafuka. Magari kama haya yetu hayana sensa inayopima uchafu wa ea klina. Malori na baadhi ya magari ya dizeli yanafungwa kiashirio chake, lakini siyo Probox wala IST. Taa inawaka pale kompyuta ya gari inapoona taarifa za sensa zake hazikubaliani. Kwa hiyo ea klina inaweza kujaa udongo mpaka gari linashindwa kupanda, na taa isiwake. Inaweza pia kuwa mpya kabisa, imekaa vibaya kwenye boksi, na taa ikawaka. Kusubiri taa ndipo ukague ea klina ni kusubiri kitu ambacho hakikupangwa kije.

Sasa kwenye gari langu ilikuwaje? Baada tu ya boksi la ea klina kuna sensa ya hewa, ndogo, imefungwa kwa skrubu mbili. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inajua ni hewa kiasi gani imeingia kwa kuangalia umeme unaotakiwa kuurudisha kwenye joto lake. Vumbi likiganda kwenye waya huo, hewa haiupozi sawasawa, basi sensa inaripoti hewa pungufu kuliko iliyopita. Kompyuta nayo inapuliza petroli kidogo kulingana na taarifa hiyo. Huko kwenye ekzosi sensa ya oksijeni inagundua hewa imezidi, kompyuta inaanza kuongeza petroli ili kusawazisha, inaongeza tena, na ikifika kikomo chake inawasha taa na kuandika kodi P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Gereji niliyokwenda, tofauti na ile ya sevisi, walichomeka mashine yao, wakaangalia kioo kwa muda mfupi, wakanitoza pesa ya kupima. "Mama, hiyo sensa imekwisha, nunua mpya." Niliomba waniandikie kodi, hawakuandika. Niliomba nione namba, nikaambiwa ni mambo ya kitaalamu. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka na gari langu na nia ya kujua mwenyewe.

Ndipo nikaagiza kisoma kodi kutoka Kariakoo, shilingi 30,000, kikaja kwa basi. Kinaitwa ELM327, jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, ELM Electronics, ingawa karibu vyote vinavyouzwa kwa bei hii ni nakala. Kinaenea kiganjani. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unaweka swichi on, kinaunganika na simu kwa Bluetooth. Kwenye simu natumia programu ya Car Scanner, na wapo wanaoipenda Torque, zote nzuri. Mwenye iPhone awe makini: vile vya Bluetooth ya kawaida havishiki na iPhone, atafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE.

Kwenye boksi utaona imeandikwa V1.5 au V2.1. Usivutwe na namba kubwa. ELM wenyewe hawakuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini nakala zilizobatizwa namba hiyo mara nyingi zinaelewa amri nyingi kuliko zile za V2.1, ambazo nyingi zimepunguzwa. Changu ni V1.5 na hakijawahi kunigomea. Kwa ndugu yangu mwenye IST ya 2003 kilikataa kabisa kushika mpaka tulipochagua Toyota ya soko la Japani kwenye orodha ya magari ndani ya programu. Kwa hiyo kikikataa, kabla hujakirudisha dukani, jaribu hilo kwanza.

Kodi ilisoma P0171, kama nilivyosema. Lakini thamani ya kidude hiki iko kwenye namba zinazotembea injini ikiwa inanguruma, kodi ni mwanzo tu. Kuna mstari unaoandikwa LTFT, unaoonesha kwa asilimia ni kiasi gani kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza petroli. Gari lisilo na hitilafu linacheza karibu na sifuri, tano juu au tano chini si neno. Langu likiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, lilisoma 19. Nikashikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, ikapanda mpaka 28. Kupanda huko ndiko kulikoniambia kitu. Kama bomba la hewa lingekuwa limepasuka baada ya sensa, na injini inavuta hewa ya wizi, namba ingekuwa mbaya zaidi sailensi na ingepungua ukipiga resi, kwa sababu tundu dogo linakuwa si kitu mbele ya hewa nyingi inayopita njia halali. Ikiongezeka kadiri hewa inavyoongezeka, mtuhumiwa ni sensa yenyewe inayohesabu pungufu.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Majengo ambaye ninamheshimu kwa utulivu wake.

"Fundi, naomba tuitoe hii sensa tuiangalie kabla sijanunua nyingine."

"Hilo neno, dada. Skrubu mbili tu hizi."

Aliitoa, akaigeuza kwenye jua. Waya ambao ulitakiwa uwe unang'aa ulikuwa umevaa vumbi la kahawia, laini, limegandana na ukungu wa mafuta. Hakuugusa kwa kidole wala kwa brashi, maana unakatika kwa kuguswa tu. Alitumia dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa (siyo ile ya kusafishia kabureta, hiyo inaweza kuiharibu), akapuliza mara kadhaa kutoka mbali kidogo, akaiacha ikauke yenyewe huku tukinywa chai. Akafuta boksi lote kwa kitambaa chenye unyevu. Akarudisha sensa, tukaweka ea klina ya Toyota, tukafuta kodi. Baada ya kwenda na kurudi Kongwa, LTFT ilikuwa inasoma 4. Taa haijarudi, na ule usitaji wa mlimani umekwisha.

Ea klina ya Toyota nayo niliagiza Kariakoo, mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea, shilingi 42,000. Kwa wanaotaka kuagiza: namba ya spea ya ea klina za Toyota inaanza na 17801, na zile tarakimu zinazofuata dashi ndizo zinazotofautisha gari na gari, kwa hiyo mpe muuzaji namba ya chesesi, usimwambie tu "ya Probox". Boksi lenye nembo siyo ushahidi, maboksi yananakiliwa vizuri sana siku hizi. Mwambie muuzaji aifungue, mkiwa mbali akupigie video, abonyeze mpira mbele ya kamera. Muuzaji wangu alikubali bila neno, na ndiyo maana nimerudi kwake.

Ya tatu ni Sakura, inayotoka Indonesia, nilinunua 22,000. Mpira wake umekaza kidogo kuliko wa Toyota, ila umekaa pande zote, na kitambaa cheupe kilitoka safi baada ya safari za Kibakwe ambazo si za mchezo. Kwa karibu nusu ya bei, kwa mtu anayebadilisha mara nyingi kama mimi, sioni cha kulaumu. Nimeweka moja ya akiba nyuma ya siti, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Kuna pia zile za pamba za kufua na kupaka mafuta. Wanaozisifu wengi ni vijana wanaotaka sauti na mbio. Sijaweka, na kwa barabara zangu sitaweka: ukizidisha yale mafuta, yanafika kwenye waya wa sensa ya hewa na kunasa vumbi, na mimi nimeshaona waya huo ukiwa mchafu unavyotesa gari. Karatasi kavu inanitosha.

Kuhusu kupuliza kwa kompresa. Nimeona wanavyofanya kwenye vituo vya kuoshea magari, bomba limeshindiliwa kabisa kwenye karatasi, upepo wote. Karatasi inatoboka matundu usiyoyaona. Kama lazima upulize ili ufike nyumbani, puliza kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kwa mbali na kwa upepo mdogo. Kuosha karatasi kwa maji au petroli usikubali kabisa. Na ukiingia sana vijijini, ikague mapema kuliko ratiba ya mtu wa mjini. Mimi kiangazi naifungua kila nikimwaga oili na mara nyingi katikati yake, ni kazi ya dakika chache.

Utaambiwa pia kwamba ea klina mpya inapunguza ulaji wa mafuta. Kwenye gari la zamani la kabureta kuna ukweli. Maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilipima jambo hili mwaka 2009: kwenye magari ya kisasa ya injekta ea klina iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuchapuka, kwa asilimia 6 hadi 11. Kwa mtu anayepanda na mzigo hilo ni jambo kubwa, na kuna kulinda silinda na sensa zisisagwe na mchanga. Sababu hizo zinatosha kununua. Muuzaji anayeahidi utaokoa petroli ya nusu tenki anakuuzia maneno.

Kisoma kodi nacho kina mipaka yake. Hiki cha bei ndogo kinasoma injini, lakini taa ya ABS (ya breki) na ya eabegi mara nyingi hakizifikii. Kinavuta umeme hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo ukiegesha kwa siku kadhaa kichomoe, usije ukakuta betri imelala. Kinafuta kodi kwa kubonyeza mara moja, na hapo wengi wanaharibu: taa inazimika, ugonjwa unabaki, na kumbukumbu ya hali ya injini wakati taa ilipowaka inapotea pamoja na kodi. Piga picha ya skrini kwanza. Na kodi haitaji spea ya kununua. P0171 inaweza kuwa sensa chafu, bomba lililopasuka, pampu ya mafuta inayochoka au injekta zilizoziba.

Kuna taa nyingine ambazo hazisubiri simu. Nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka ukiwa njiani, egesha na uzime injini. Taa ya injini ya rangi ya njano ikiwa imetulia, unaweza kwenda taratibu mpaka kwa fundi. Ikianza kupepesa, injini inamisi kiasi cha kuunguza kataliti (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), punguza mwendo na usilazimishe. Ile ya bluu kwenye Toyota ndogo nyingi ni injini bado baridi, nenda taratibu mpaka izimike, haina ubaya.

Kwa anayetaka kununua gari, yadi au kwa mtu, kidude hiki kinajilipa siku hiyo hiyo. Kwanza kwa macho: weka swichi on bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izimike gari likishawaka. Isipowaka kabisa kwenye swichi on, kuna uwezekano mkubwa mtu ameichomoa balbu au kuiziba ili usione. Kisha chomeka na uangalie ukurasa wa vipimo vya ndani ambavyo gari hujipima lenyewe. Vikiwa vyote vinaonesha havijakamilika, kodi zimefutwa karibuni au betri imetolewa. Muulize mwenye gari kwa upole ni kwa nini, na umsikilize anavyojibu.

Kwa sasa naagiza kila kitu Kariakoo kwa basi, na nauli ya mzigo inaniuma. Kama kuna duka hapa Dodoma lenye ea klina ya Toyota ya kweli, na linakubali mteja afungue boksi na kubonyeza mpira kabla ya kulipa, nitajieni jina na mtaa, nitakwenda kesho asubuhi.